Orodha Iliyosomwa kwa Sauti

Mvua za kusini hazimngojei mtu. Songea, Mbinga na Namtumbo, mvua za kupandia huanza kati ya katikati na mwisho wa Novemba, na mkulima wa mahindi aliyekosa mbolea ya kupandia siku hizo, hata akiletewa lori zima Februari, msimu umeshampita. Serikali nayo ina kalenda yake. Mwaka wa fedha hufunguliwa Julai mosi na kufungwa Juni 30; Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa Machi inayofuata; Bunge huzipokea Aprili. Mbolea ya ruzuku imepotelea kati ya kalenda hizi mbili kwa miaka yote ninayoikumbuka. Ninalolisikitikia zaidi ni kwamba tulikuwa na ukaguzi mmoja uliokwenda na mvua, nao ni mkutano wa kijiji, na huo ndio tuliouacha ufe.

Nilipokuwa mdogo mbolea ilikuwa jambo la wakubwa. Sera ya Madaraka Mikoani ya 1972 ilikuwa imefuta halmashauri za wilaya, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mahindi tuliliuzia Shirika la Usagishaji la Taifa kwa bei ileile ya nchi nzima, mbolea ikatoka kiwandani Tanga, na sisi wa pembezoni tulinufaika, maana gharama ya kusafirisha mfuko hadi Ruvuma haikuwa mzigo wetu. Haki lazima isemwe: bila utaratibu ule mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma isingekuwa ghala la taifa. Lakini hapakuwa na mtu kijijini aliyejua mifuko mingapi ilipangwa kuja na mingapi ilifika. Lori likija tulishukuru. Lisipokuja, wazee walikaa kimya.

Halmashauri zilirudi 1984, kwa sheria zilizotungwa 1982. Kiwanda cha Tanga kikafungwa 1991, na ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua miaka hiyohiyo ya mwanzo wa tisini, kwa masharti ya wakopeshaji. Baba alirudia kupanda bila mbolea katika shamba lililokuwa limeshaizoea. Sitaki kukaa sana hapo. Ilikuwa miaka migumu kwa mikoa iliyokuwa ikilisha wengine.

Ruzuku ilirejea msimu wa 2003/04, kwanza kwa kufidia gharama za usafirishaji, kisha mwaka 2008 zikaja vocha za pembejeo, na Benki ya Dunia ikaongeza mkopo wake. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokuwa na mengi.

Kila kijiji kilitakiwa kuchagua kamati ya vocha ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, kwenye mkutano mkuu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Masharti aliyajua kwa moyo: mkulima wa mahindi au mpunga asiyezidi hekta moja, mwenye uwezo wa kuongezea nusu ya bei, na kaya zinazoongozwa na wanawake zitangulizwe. Kila kaya ilipata vocha za kutosha ekari moja: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia. Ukishanufaika misimu mitatu, unampisha mwenzako.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la chama cha msingi. Mtendaji wa kijiji alishika orodha na kusoma jina moja moja, na baada ya kila jina alitulia kidogo ili watu waseme. Na watu walisema. "Huyo si tulimzika mwezi wa sita?" "Huyo ana duka mjini, shamba lake huku liko wapi?" "Andikeni mama mjane wa kule bondeni, mbona hayumo?" Mama alikaa benchi la mbele na kaunta buku lake, akiandika kwa penseli majina yaliyopita na yaliyokatwa, maana alisema karatasi ya mtendaji ikishaondoka hairudi. Mabishano yalichukua mchana mzima. Kuna waliotoka pale hawasalimiani. Hata hivyo jua lilipozama kila mmoja alijua nani anapata na kwa sababu gani, na mvua ilikuwa bado haijaanza.

Wizi ulikuwepo, tena wa wazi. Mkulima asiye na nusu ya bei alikuwa ameshika karatasi isiyomsaidia. Wakala wa pembejeo alimfuata nyumbani jioni, akamwekea noti chache mkononi, akachukua dole gumba lake na vocha zote tatu. Kwenye vitabu, mkulima huyo amepokea mbegu na mifuko yake miwili. Wakala akapeleka vocha benki, akalipwa. Namba za vocha ziko sawa, jina liko sawa, dole liko sawa. Mkaguzi aliyekaa na mafaili hayo makao makuu ya wilaya angeona nini?

Mama aliona. Januari, mahindi yakifika magotini, alipita mashambani kama alivyopita siku zote akienda kusalimia ndugu. Mahindi yaliyolishwa yana kijani kizito. Yenye njaa majani yake ya chini hugeuka njano kuanzia nchani, na njano hiyo hushuka katikati ya jani. Mkutano uliofuata alisimama. Hakumtaja mkulima kwa kumdhalilisha, alimgeukia wakala: "Baba, mahindi ya mwenzetu ni ya njano. Mbolea uliyosaini kumpa iko wapi?" Wakala yule hakujibu, na msimu uliofuata kijiji kilimkataa. Hapakuwa na faili wala barua. Kulikuwa na mama mmoja anayejua rangi ya jani, na mahali pa kuulizia swali lake.

Wakati huohuo huko juu mambo yalikuwa yakibadilika, na nakiri nilifurahi. Chini ya Ludovick Utouh, Mkaguzi Mkuu tangu 2006 hadi 2014, ripoti zilianza kusomwa na kujadiliwa na watu wa kawaida. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 iliipa ofisi ile nguvu zaidi. Aprili 2012 tulikaa na redio kusikiliza Bunge likiwaka moto juu ya ripoti hizo, na Mei Rais Kikwete akapangua baraza lake na mawaziri kadhaa wakaachwa nje. Kijijini watu walishangilia kama wameshinda mechi.

Furaha hiyo ilinifanya nisitazame tarehe. Ripoti zile zilihusu mwaka wa fedha ulioishia Juni 2011. Kama mbolea ilipotea, ilikuwa ya mvua za Novemba 2010. Mahindi ya msimu ule yalishaliwa, na ya msimu uliofuata yalikuwa yanakaukia shambani. Mkaguzi Mkuu anafanya kazi ambayo Katiba imempa katika ibara ya 143, na nchi ingeumia zaidi bila yeye. Ila kazi hiyo kwa asili yake ni ya kutazama nyuma. Inaweza kumfukuzisha mtu kazi. Haiwezi kurudisha mfuko shambani.

Kuna jambo jingine linaloniuma, nalo ni sherehe za hati safi. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha, mkurugenzi hupongezwa, madiwani hupiga makofi. Hati hiyo inasema hesabu zimeandikwa kama inavyotakiwa. Haisemi mbolea ilifika lini. Mfuko ulioletwa Februari na mfuko ulioletwa Novemba huandikwa kwa thamani ileile. Nimeona wilaya yenye hati safi na mahindi ya njano mwaka mmoja.

Mpango ule wa vocha ulifikia kikomo 2013/14. Jaribio la kurudia vocha msimu wa 2015/16 liliacha mawakala wakiidai Serikali, na uhakiki wa madai yao ukaburuzwa mwaka baada ya mwaka, mengine yakigundulika kuwa ya uongo na mengine ya watu waaminifu waliofilisika kwa kungoja. Mwaka 2017 ukaja ununuzi wa mbolea kwa pamoja na bei elekezi. Kamati za vocha zilikufa bila mtu kuzivunja. Hazikuwa na vocha za kugawa, na mikutano mikuu nayo ikapungua, ingawa sheria inataka iitishwe walau kila miezi mitatu na wananchi wasomewe mapato na matumizi.

Kisha bei ya mbolea ikapaa duniani. Agosti 8, 2022, kwenye viwanja vya Nane Nane Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya, na Serikali ikatenga Sh150 bilioni kwa msimu wa 2022/23. Mfuko wa DAP au urea uliokuwa umepita Sh120,000 ukauzwa Sh70,000. Hilo nalipongeza bila kusita. Nimeona ndugu zangu waliokuwa wameacha mbolea wakiirudia. Mkulima sasa anajiandikisha kwa mtendaji, anapata namba yake kwenye simu, anakwenda kwa wakala, mfumo unamtambua na ununuzi wake unaingia kwenye kumbukumbu papo hapo. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, ikiwa Dar es Salaam au Dodoma, inaweza kujua mfuko gani umeuzwa leo. Hilo halikuwezekana enzi za dole gumba.

Lakini kijijini kwetu hakuna tena anayesoma majina. Orodha imo ndani ya mfumo, na mfumo humwonyesha mkulima namba yake peke yake. Jirani akijiandikishia ekari asizozilima, tutajuaje? Wenye kujua mipaka ya mashamba ni majirani, na majirani hawaulizwi. Wakala yuko mjini, mbali, mkulima anapanga foleni na kulipa nauli mara mbili, na anayekuja na gari lake ndiye anayeondoka na mzigo. Minong'ono ya mifuko inayoishia kusikopaswa tunaisikia kila msimu. Zamani mnong'ono ule ungekuwa swali mbele ya ghala. Sasa unabaki mnong'ono, hadi pengine ripoti ya Machi ya mwaka wa pili iuandike, na wakati huo mavuno ya msimu ule yameshaliwa na ya msimu unaofuata yako karibu.

Nasikia hoja kwamba kutangaza majina ni kuingilia faragha ya watu. Faragha ina nafasi yake, na namba ya simu ya mkulima haina sababu ya kubandikwa ukutani. Jina na idadi ya ekari anazoombea mbolea ya fedha za umma ni kitu kingine. Hizo ekari ziko wazi mchana kweupe, kila mtu huzipita akienda kisimani.

Kwa hiyo ninaomba, nikianza na watendaji wa vijiji na madiwani wa kusini na kwingineko kunakolimwa kwa ruzuku. Daftari la wakulima lichapishwe kijiji kwa kijiji kila Oktoba na lisomwe kwenye mkutano mkuu, jina na ekari, kabla ya mvua. Januari mkutano mwingine usomewe nani alinunua mifuko mingapi. Taarifa hizo mfumo unazo tayari. Wizara na Mamlaka hazihitaji sheria mpya kwa hilo. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu nayo ipime tarehe ya mbolea kufika sawa na inavyopima stakabadhi, na halmashauri iliyochelewesha msimu isipongezwe kwa hati safi. Na wewe msomaji uliye kijijini, usingoje waraka. Mkutano mkuu ni wako kisheria. Mwulize mtendaji wako utaitishwa lini, nenda na daftari, na omba orodha isomwe kwa sauti.