Karatasi sita za A4 na suruali ya mtoto mwenye viatu vya chuma

Mlali, Kongwa. Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, unapita Kibaigwa na soko lake la mahindi, kisha Pandambili, ndipo unaiacha barabara kuu kuelekea Mlali. Ni nchi ya Wagogo, ya mtama, alizeti na karanga, yenye msimu mmoja tu wa mvua na kiangazi kirefu cha upepo na vumbi. Katika wilaya hii ya Kongwa, Waingereza walianzisha mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga kwa matrekta. Ukame na udongo unaokauka ukawa mgumu kama saruji viliuua mradi huo ndani ya miaka michache.

Kwa wazazi wengi, hata hivyo, Mlali haijulikani kwa karanga. Inajulikana kwa kituo cha watoto wenye ulemavu wa viungo. Miongoni mwa matatizo yanayowafanya wazazi watafute huduma za aina hiyo ni miguu kifundo, yaani mtoto kuzaliwa na unyayo mmoja au yote miwili imepinda kuelekea ndani. Humpata takribani mtoto 1 kati ya 1,000 wanaozaliwa. Si laana wala si kosa la mama, na hutibika.

Tiba inayotumika sana ilibuniwa na daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Marekani. Mguu hunyooshwa taratibu na kufungwa hogo linalobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo. Baada ya hapo huvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya mwanzo, kisha wakati wa kulala hadi umri wa miaka 4 au 5. Aina moja ya viatu hivyo, iitwayo Steenbeek, ilibuniwa Uganda ili itengenezwe na mafundi wa hapa hapa Afrika Mashariki.

Nguo inapokuwa kikwazo

Hapo ndipo fundi cherehani anapohitajika. Miguu ikiwa imeshikwa na chuma, suruali ya kawaida haipiti. Mzazi huona njia rahisi ni kuvua viatu amvishe mtoto, avue tena abadilishe nepi, na baridi ya Juni na Julai ya uwanda huu humfanya amvalishe nguo zaidi. Mara nyingine viatu husahaulika pembeni mpaka jioni. Kutovaa viatu hivyo inavyotakiwa ndiyo sababu kubwa ya miguu kupinda tena, na mtoto kulazimika kurudi kwenye hogo.

Suruali inayofaa hufunguka upande wa ndani: kuanzia kifundo cha mguu mmoja, kupitia katikati ya mapaja, hadi kifundo cha mguu wa pili. Unamlaza mtoto, unaitandika chini yake, unafunga vifungo vya kubonyeza. Viatu havivuliwi. Michoro ya suruali za namna hii, ambayo mafundi huiita pateni, hupatikana kwenye intaneti, mingine bure. Tatizo ni kwamba suruali ni kubwa kuliko karatasi ya printa.

Kuunganisha karatasi

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Kwa hiyo mchoro hugawanywa: suruali ya mtoto wa mwaka mmoja inaweza kuchukua karatasi sita, safu tatu za karatasi mbili mbili. Kila karatasi huwa na namba au alama pembeni zinazoonyesha inakutana na ipi.

Ukiipeleka steshenari kwa WhatsApp, itume kama faili. Ukiipiga picha ya skrini, vipimo vinapotea. Kijana wa steshenari akiuliza, "Mama, niipunguze ienee?" jibu ni, "Hapana mwanangu, iache asilimia 100." Mashine nyingi hupunguza mchoro zenyewe ili uenee ndani ya kingo. Ikipungua hadi asilimia 94, kiuno cha sentimita 50 kinakuwa 47, na urefu wa sentimita 40 unakuwa 37.6. Kwa macho huoni tofauti. Utaiona nyumbani, kitambaa kikishakatwa.

Dawa yake ni moja. Pateni nyingi zina kisanduku cha kupimia, tuseme cha sentimita 10 kwa 10. Chapisha kwanza ukurasa huo peke yake, upime kwa rula. Ikisoma 9.4, simamisha, rekebisheni, ndipo zitolewe zilizobaki. Hivyo unapoteza karatasi moja badala ya sita na kitambaa.

Nyumbani, panga karatasi sakafuni kabla ya kukata chochote. Kata ukingo wa upande mmoja tu wa kila karatasi, uulaze juu ya jirani yake mpaka mistari ikutane, kisha gundisha kwa selotepu. Maliza safu moja moja, ndipo uunganishe safu na safu. Ukianza huku na kule, kosa dogo la milimita mbili hukua njiani.

Fundi bado anahitajika

Karatasi haimjui mtoto wako. Mpime kiuno, paja na urefu akiwa amevaa nepi na viatu vyake, miguu ikiwa imetanuka kama chuma kinavyoishika, kisha linganisha na mchoro. Kama pateni ni ya suruali ya kawaida, fundi ataongeza takribani sentimita 2 upande wa ndani wa kila mguu ili vifungo vipate pa kukaa. Pindo liishie juu ya kiatu, vidole vionekane. Mzazi anatakiwa kuviangalia rangi kila siku. Vifungo vishonwe imara, visije vikang'oka na kuingia mdomoni.

Ikishamkaa vizuri, nakili mchoro kwenye karatasi ya mfuko wa saruji uliokung'utwa, karatasi ngumu ambayo mafundi wameitumia miaka mingi. Andika tarehe na umri. Mtoto anakua, ila viatu vina miaka kadhaa ya kuvaliwa. Miezi michache baadaye fundi ataongeza sentimita kadhaa pembeni bila kuanza upya.

Na viatu vikimbana au kumchubua, usivilegeze wala kuviacha nyumbani. Mrudishe kwa wataalamu wanaomtibu, akiwa amevivaa.