Dereva, Simamisha Gari

Mimi ni dereva wa basi. Kwa miaka mingi nimeendesha kati ya Arusha, Karatu na Mang'ola, kule kwenye vitunguu, kando ya Ziwa Eyasi. Naandika kwa ajili yako unayekwenda chooni mara kumi kwa siku na hujamwambia mtu. Nilikuwa kama wewe.

Ilianza mwezi wa nne mwaka 2015, mvua zikiwa zimeharibu barabara. Tumbo lilisokota usiku, nikaharisha. Nikadhani ni chakula cha njiani. Baada ya wiki mbili choo kikaanza kutoka na makamasi, kisha damu. Duka la dawa wakasema ni amiba, wakanipa Flagyl. Hali ikatulia siku chache, ikarudi. Zahanati wakasema taifodi, nikanywa sipro. Ikarudi. Shemeji akasema ni vidonda vya tumbo. Jirani akasema nimetupiwa kitu. Nikanywa majani ya mpera, nikanywa mwarobaini, nikarudia Flagyl. Nilipokuja kuhesabu, ndani ya mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimekunywa dozi tisa za antibayotiki, nyingi bila kipimo chochote.

Abiria akibanwa hupaza sauti, "Suka, tuchimbe dawa!" nami husimama. Dereva akibanwa amwambie nani? Nikaanza kutunga visingizio: leo tairi, kesho maji ya rejeta. Nikawa nashinda bila kula ili nifike salama. Mkanda niliutoboa tundu jipya, kisha jingine. Watu wakaanza kunong'ona kuhusu UKIMWI. Nilikuwa nimepima mara mbili na sikuwa nao, lakini mnong'ono hausomi majibu ya maabara. Mke wangu, mama Neema, aliniuliza kila wiki, "Baba Neema, una nini?" Nikamjibu, "Uchovu tu." Damu ile sikumwambia.

Ikafika Septemba 2016. Nilikuwa napandisha mlima kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Gari limejaa. Nyuma yangu lori. Mbele kona. Tumbo likakata. Hakukuwa na pa kusimama. Nikakaza meno. Nikaomba. Haikusaidia.

Nilijichafua pale pale kwenye kiti.

Niliendesha hivyo hivyo hadi juu. Machozi yananitoka. Konda alijua. Hakusema kitu. Tulipofika aliwashusha abiria haraka, akavua koti lake, akanifunga kiunoni. Nilipojaribu kusimama, miguu ikakataa. Kiti kilikuwa chekundu.

Nilizinduka hospitali ya rufaa, dripu mkononi. Wingi wa damu ulikuwa 5. Kaka zangu wawili walikuwa wamekwisha kutoa damu, na vijana wa usharika walikuwa kwenye foleni. Mama yangu alikaa kando ya kitanda, akanishika kidole kama mtoto. "Mwanangu," akasema, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulikuwa unamficha nani? Mimi niliyekufulia nepi?"

Usiku wa tatu ndio siusahau. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma. Homa. Daktari alisimama mlangoni na mama Neema. Walinong'ona, lakini nilisikia. Dawa isipofanya kazi, utumbo mpana utatolewa. Taa ikazimwa. Niliwaza Neema, darasa la tatu. Niliwaza nani atamlipia ada. Nikataka kusali, maneno yakagoma. Nikasema tu, "Bwana." Basi. "Bwana." Hadi kukakucha.

Siku ya nne damu ilipungua. Ya tano nikaomba uji.

Walikwisha kupima choo kutafuta amiba, wakatafuta na kifua kikuu. Hawakuona. Walipoingiza kamera kwa njia ya haja kubwa na kunyofoa vipande vidogo vya nyama ya utumbo, ndipo jina likapatikana: kolaitisi ya vidonda. Daktari alinieleza kwamba hiyo si vile vidonda vya tumbo tunavyovijua mtaani, vya kwenye mfuko wa chakula, ambavyo mara nyingi huletwa na bakteria na dawa huvimaliza. Hii yangu hushika utumbo mpana, na aliyekuwa akiuchubua si mdudu. Ni kinga ya mwili wangu mwenyewe.

Nilikataa kuelewa. Akavuta kiti. "Baba Neema, ndani ya utumbo mpana wa kila mtu wanaishi bakteria matrilioni. Wengi wao ni wapangaji wema. Wanakula nyuzinyuzi za mboga na maharage, nao wanatoa asidi ambayo seli za ukuta wa utumbo huitumia kama chakula. Wanaifundisha kinga nani wa kumkamata na nani wa kumwacha apite. Kati yao na ukuta kuna ute, kama ua. Kwako ua umekonda, aina za wapangaji zimepungua, na askari wamegeuka kupiga nyumba waliyowekwa kuilinda."

Nikamuuliza kuhusu zile dozi tisa. Hakusema ndizo zilizoleta ugonjwa. Alisema hazikuwa dawa yake, na kwamba kila dozi ilipita mle ndani kama moto wa shambani, ikichoma magugu na mahindi pamoja. Hilo lilinichoma mimi pia. Mwaka mzima nilikuwa napiga risasi ndani ya nyumba yangu nikidhani naua mwizi.

Huko kliniki nilikutana na binti mmoja wa chuo. Naye tumbo lilimsokota miaka, leo kuhara, kesho kufunga choo, lakini hakuwa na damu, hakukonda, na kamera haikuona kidonda. Ugonjwa wake unaitwa utumbo wenye hasira, na kwa wengine huanza baada ya kuugua tumbo la kuhara. Utumbo wake haukuwa umechubuka kama wangu, lakini alikuwa ameambiwa sana kwamba anajifanya. Hajifanyi. Maumivu yale ni ya kweli, yana matibabu yake, na si haya niliyopewa mimi. Ndiyo maana nakusihi usimeze dawa za jirani.

Niliruhusiwa na vidonge: prednisoloni ya kupunguzwa kidogo kidogo, na mesalazini ya kila siku. Nikanenepa uso, nikarudi barabarani, nikashuhudia kanisani. Mwaka 2018 nikajiona nimepona, nikaacha dawa. Miezi mitatu. Damu ikarudi. Niliiona asubuhi moja, nikaketi sakafuni chooni, nikashindwa hata kulia. Safari hii nilimwita mama Neema. Alikuja, akaketi nami sakafuni.

Tukarudi kliniki, na siku ile daktari aliniuliza, "Si wewe unayekwenda Mang'ola? Wahadzabe unawafahamu?" Nikamwambia nawaona kila msimu. Akanisimulia kwamba mwaka 2017 watafiti waliandika katika jarida la Science juu ya choo cha Wahadzabe. Masika, wanapokula asali na matunda pori kwa wingi, vikundi fulani vya bakteria tumboni mwao hupungua hata visionekane. Kiangazi kikirudi na nyama, navyo hurudi. Vikundi hivyohivyo ndivyo vilivyo adimu kwa watu wa nchi za viwanda. Hakuniahidi kwamba mizizi ya porini itaniponya. Alisema ugonjwa huu hauna dawa ya kuung'oa, ila hulazwa usingizi, na anayeacha dawa anauamsha. Lakini mimi nilishika neno moja: hurudi. Kumbe kilichotoweka tumboni kinaweza kurudi. Akaongeza kwamba kuna ugonjwa mwingine wa kuhara ambao sasa hutibiwa kwa kuwekewa kinyesi cha mtu mzima wa afya, na kwamba wanajaribu njia hiyo kwa wenye ugonjwa wangu pia. Mama Neema akaangua kicheko. Nami nikacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Damu ilikatika tena, na tangu hapo sijaacha dawa. Kwa kuwa ugonjwa ukikaa miaka minane hatari ya saratani ya utumbo huongezeka, mwaka 2023 nilianza kurudi kwenye kamera ili waangalie mapema. Namshukuru Mungu, wameona salama. Lakini sikudanganyi. Hadi leo naangalia choo kabla ya kumwaga maji. Hadi leo najua kila choo kati ya Arusha na Mang'ola, na kipi kina maji. Kwenye mlima ule bado mikono hutoka jasho.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliomba tusimame. Baada ya nusu saa akaomba tena. Mara ya tatu abiria wakaguna, konda mpya akamfokea. Nilimtazama kwenye kioo. Mkono tumboni, macho chini, mkanda umetobolewa tundu jipya.

Nikasogeza gari pembeni, nikazima injini. Nilimpa chupa yangu ya maji. Aliporudi nilimwambia akae kiti cha mbele, karibu nami, nikamuuliza taratibu, "Mdogo wangu, kuna damu?"

Alinyamaza hadi tukapita vijiji viwili. Kisha akaitikia kwa kichwa: ndiyo.