Treni mpaka Mwanza, meli mpaka Ukerewe: Safari ya dada aliyemficha mama yake

Kuna dada mmoja wa Dar, miaka 27, kazi yake ni kuhariri video za harusi za watu. Alipata likizo ya siku tisa, akaamua kitu ambacho mashosti wake walikiita uchizi. Hakwenda Zanzibar. Alibeba begi moja la mgongoni, pawabenki mbili, kanga mbili na dawa ya mbu, akapanda treni ya reli ya kati peke yake mpaka Mwanza. Siyo ile ya umeme inayokufikisha Dodoma kabla hujamaliza muvi ya pili. Ile ya zamani, ya dizeli, inayokata zaidi ya kilomita 1,200 na kukulaza njiani usiku mbili.

Usiku wa kwanza hauna stori. Alilala. Yenye mambo ni siku ya tatu.

Kulipokucha treni ilikuwa imeshaiacha Tabora, pale ambapo mabehewa yanakatwa, mengine yanaelekea Kigoma na mengine Mwanza. Alikuwa daraja la pili kulala, chumba cha wanawake, vitanda sita. Wenzake walikuwa mama mwenye mapacha, wanafunzi wawili, na bibi mmoja aliyekuwa anashuka Malampaka na ambaye tangu Dodoma alikuwa akimuuliza swali lile lile: "Mjukuu wangu, huko unakokwenda unamfuata nani?" Akijibu "simfuati mtu bibi, natembea tu," bibi anaguna. Kwa bibi, mtu anayetembea tu ama amefukuzwa ama amefiwa.

Wanaume wa kwenye korido walipouliza hivyo hivyo, jibu lilikuwa lingine: "Mume wangu ananipokea stesheni." Hana mume. Wadada mnaosafiri wenyewe mnaijua hiyo.

Nje kulikuwa na majaruba ya mpunga, ng'ombe, na tuta la reli mpya ya SGR likionekana na kupotea. Reli hii ya zamani yenyewe ilifika Mwanza mwaka 1928. Kila stesheni watu wanakimbilia madirishani na mabeseni: mahindi ya kuchemsha, karanga, matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Alinunua matobolwa, akayatafuna mpaka taya zikauma. Mtu wa Dar akizoea chipsi, matobolwa yanamfundisha adabu.

Mama yake alipiga saa tatu asubuhi. Umefika? Bado, mama, karibu. Ukifika usitembeetembee usiku. Sawa, mama. Yakaishia hapo, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake wote: alimwambia mama anakwenda Mwanza. Ni kweli. Hakumwambia kwamba mchana ule ule anapanda meli kwenda Ukerewe.

Ili uelewe kwa nini hili si jambo dogo, rudi nyuma mpaka tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Ilikuwa imejaza kupita uwezo wake. Waliokufa ni zaidi ya 800. Mmoja wao alikuwa kaka mkubwa wa huyo mama, kijana wa miaka 22 aliyekuwa anakwenda kutafuta maisha. Alikuwa daraja la tatu, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mwili wake haukutambuliwa. Kwa hiyo familia ina msiba ambao hauna kaburi la kuonyesha, ila makaburi ya pamoja ya Igoma, Mwanza, ambayo mama hajawahi kuyaona. Alihamia Dar mwaka uliofuata na hajapanda chombo cha majini tena. Hata pantoni ya Kigamboni huwa anaizunguka kwa daraja.

Binti amekua na picha moja ya mjomba ukutani na marufuku moja nyumbani: ziwani hapana. Mwaka 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu 228, mama alizima televisheni siku tatu. Ukara iko jirani tu na Ukerewe, kule kule binti alikokuwa anakwenda. Unaweza kusema alikuwa na kiburi. Inawezekana. Lakini pia mtu anachoka kuogopa kitu ambacho hajawahi kukiona.

Mwanza alishuka karibu saa tano. Bandari ya kaskazini haiko mbali na stesheni, akatembea kwa miguu, mawe makubwa ya mji yakiwa yamebebana juu ya vilima kana kwamba mtu aliyapanga akasahau. Alikula ugali na sato kwa mama ntilie, akaenda dirishani kukata tiketi. Karani akaandika jina lake, akakosea herufi moja. Akamrudishia. "Kaka, samahani, andika vizuri." Karani akamtazama kama anamsumbua, foleni nayo ikaanza kulalamika. Hakuondoka mpaka herufi ile iliporekebishwa.

Saa nane mchana meli ikang'oa. Mabati, makreti ya soda, magodoro, pikipiki mbili, kuku kwenye tenga. Kitu cha kwanza alichofanya si selfi. Alihesabu majaketi ya kuokolea juu ya kichwa chake, kisha akatafuta mlango ulio karibu. Jirani yake, mzee mmoja wa Nansio, akacheka kwa upole. "Ni mara yako ya kwanza, binti?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Kaa upande huu, jua halikuchomi. Ni saa tatu tu."

Mji ukawa mdogo, maji yakawa mengi, na ukweli usemwe, yalikuwa mazuri. Mitumbwi ya wavuvi, ndege weupe, upepo wa baridi. Ndipo simu ikaita. Mama. Akafikiria kuiacha iite. Akapokea.

"Mbona kuna kitu kinanguruma? Uko wapi?"

Angeweza kusema jenereta. Mdomo ulishafunguka kabisa kusema jenereta.

"Niko kwenye meli, mama. Nakwenda Ukerewe."

Kimya. Kimya cha aina ile unaondoa simu sikioni uone kama imekatika. Haikukatika. Halafu mama akauliza, sauti ndogo sana: "Wamekuandika jina?"

"Wameandika."

"Vizuri? Lote?"

"Lote, mama."

"Kavae jaketi."

"Mama, hakuna aliyevaa, watanicheka..."

"Kavae."

Akavaa. Watoto wawili wakamcheka kweli. Mzee wa Nansio hakucheka. Aliinuka akamkaza kamba za pembeni, akarudi kukaa bila kuuliza kitu. Mama akabaki hewani, haongei, anapumua tu, mpaka mtandao ulipokatika katikati ya maji.

Nansio walifika jua likiwa limelala. Machungwa yamepangwa chungu chungu yakisubiri kuvuka kwenda Mwanza, bodaboda wanagombania abiria. Simu iliposhika mtandao ziliingia meseji nne za mama. Tatu zilikuwa "Umefika?" Ya nne ilikuwa ndefu: akirudi Mwanza apitie Igoma, achukue maua meupe, yasiwe ya plastiki, na akifika pale asipige picha kwanza, ampigie yeye.

Akajibu sawa, mama. Kisha akamuuliza bodaboda meli ya asubuhi inaondoka saa ngapi.