Steringi hafi

Haya wasomaji wangu, najua nimeadimika. Nilikuwa nyumbani Tabora, mtaani kwetu Kanyenye, na safari hii sikufuata maembe wala asali. Nilikwenda kumwomba mjomba radhi. Kosa lenyewe linahusu filamu, kwa hiyo vuteni viti.

Kwa wasioijua Tabora, huu ni mji wa misafara. Pembe za ndovu zilipita hapa mabegani mwa Wanyamwezi kuelekea Bagamoyo, na vitambaa na shanga vikapanda kuja bara. Reli ikafika 1912. Sisi watoto wa miaka ya 2000 mzigo wetu ulishuka na treni ya Dar ndani ya begi la mjomba: mikanda ya video.

Mjomba alikuwa na kibanda umiza. Mabati, turubai, mabenchi, televisheni moja, deki, spika mbili. Kiingilio shilingi 100. Picha ikianza anapunguza sauti yake, anashika kipaza sauti, anatafsiri. Kwake Rambo alisalimia watu "Mwangaluka!" kama mzee wa Kinyamwezi, na adui alikuwa mtu aliyekopa mchele akakataa kulipa. Tulicheka mpaka benchi likaanguka.

Kulikuwa na sheria moja tu: steringi hafi. Akipigwa risasi, ni ya bega. Akianguka mtoni, anajua kuogelea. Na neno hilo moja, steringi, lilibeba mambo mawili: mhusika mkuu na mwigizaji mwenyewe. Kwetu Rambo na Stallone walikuwa mtu mmoja. Steringi akifa, mwenye kibanda alikuwa na kazi ya kujieleza.

Basi mwaka 2010 niko kidato cha pili, Kiingereza kinaniwasha mdomoni. Jumapili moja mjomba akaweka Titanic, ile ya James Cameron ya 1997. Kibanda kimejaa mpaka mlangoni. Meli ikazama. Jack akabaki ndani ya maji ya barafu, Rose juu ya ubao, mwisho Rose akamwachia mkono akazama. Mjomba hakubabaika: "Msiwe na wasiwasi, jamaa ni mpiga mbizi huyo! Anapita chini kwa chini, kuna mtumbwi unamsubiri kule!" Watu wakapiga makofi.

Nikasimama. "Mjomba, huyo amekufa! Mbona unawadanganya watu? Hata hujui Kiingereza!"

Kimya. Halafu kicheko, na safari hii hakikuwa cha picha. Mjomba akaendelea mpaka mwisho, pale Jack anapoonekana juu ya ngazi karibu na saa, anampa Rose mkono na abiria wote wanapiga makofi. "Si huyo hapo?" akasema taratibu. Hakuna aliyemsikiliza. Hakunigusa wala hakunisemea kwa mama. Lakini kuanzia siku ile, kila akishika kipaza sauti, kulikuwa na mtoto wa kumpigia kelele: "Hata hujui Kiingereza!"

Miaka miwili baadaye steringi akafa kweli. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alifariki Dar tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Mnakumbuka umati ule wa mazishi. Mjomba alimpenda sana Kanumba, hasa tangu 2009 alipotembelea jumba la Big Brother Africa na Watanzania wenzake wakakicheka Kiingereza chake. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Mjomba hakucheka, na sikujiuliza kwa nini.

Wiki ile alionyesha picha za Kanumba mfululizo. Hakutafsiri, maana zilikuwa za Kiswahili. Alikaa benchi la mbele kama mteja. Nadhani ndipo alipoona kuwa kazi yake inakwisha. Bongo Movie hazikuhitaji mtu wa kutafsiri, na simu zilipojaa mtaani hazikuhitaji hata kibanda.

Mimi nikaenda chuo kusomea uandishi wa habari, nikakutana na somo la filamu. Tukasomeshwa Richard Dyer, Mwingereza aliyeandika kitabu kiitwacho Stars mwaka 1979. Anasema tusimwangalie nyota kama mtu tu. Nyota ni taswira inayojengwa na filamu, matangazo, magazeti na maneno ya wahakiki, na watu wanaitumia taswira hiyo kuyafikiria maisha yao. Nikaandika insha nzuri. Mahali fulani kalamu iliteleza nikaandika "steringi". Nikalikata mwenyewe kabla mwalimu hajaliona. Niliona aibu.

Halafu maktaba nikakuta kitabu cha Matthias Krings, profesa wa Chuo Kikuu cha Mainz huko Ujerumani, African Appropriations, cha mwaka 2015. Ndani yake wamo watafsiri wa video wa Tanzania! Yumo Lufufu wa Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala. Wanachambuliwa kama wasanii wanaoichukua filamu ya watu wengine na kuifanya ya kwetu, wala si kama watu walioshindwa Kiingereza. Kenya wana DJ Afro, na Kampala nao wana watafsiri wao. Nilisoma nimesimama. Kichwani nilikuwa nasikia kile kicheko.

Ikanichukua miaka kupata ujasiri, lakini mwezi huu nilikwenda. Mjomba sasa anauza vocha na kuchaji simu za watu chini ya mwembe. Nikamwambia, mjomba, kuhusu ile siku ya Titanic, naomba unisamehe.

Akacheka. "Kiingereza kweli sikujua. Lakini mtu akifa inahitaji Kiingereza? Niliona amekufa, kama ulivyoona wewe."

Sasa kwa nini ulisema yu hai?

Akawataja vijana wawili, ndugu, niliosoma nao shule ya msingi. Siku ile walikuwa benchi la nyuma. Baba yao alipanda MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikaua mamia ya watu. Wengi hawakupatikana. Baba yao ni mmoja wao.

"Wale watoto walilipa shilingi mia mia," mjomba akasema. "Wewe ungewaambia nini?"

Wandugu, sikuwa na jibu. Dyer ameeleza vizuri kwamba watu huwatumia manyota kuyafikiria maisha yao. Mjomba alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa mkono, benchi kwa benchi, akijua nani amekaa wapi. Na mimi nilimsahihisha.

Nikamweleza habari za profesa wa Ujerumani. Akauliza, "Anajua Kinyamwezi?" Nikamwomba atafsiri tena nimrekodi, maana hakuna hata dakika moja ya sauti yake iliyohifadhiwa popote. Nikamfungulia Titanic kwenye kompyuta yangu ndogo. Akaitazama, akakataa. "Watu wako wapi? Nitamtafsiria nani, wewe unayejua?"

Nikaita watoto wa jirani. Wakaja saba, wakakaa kwenye mkeka. Mjomba akakohoa kidogo, akaanza. Sauti imekwaruza siku hizi, lakini nahodha alipotokea alisalimia "Mwangaluka!" na wale watoto wakagaragara kwa kicheko.

Meli ilipozama, mtoto mmoja akauliza, "Babu, amekufa?" Mjomba akanitupia jicho. Mimi nilinyamaza.

Nimerudi Dar na saa tatu za sauti yake kwenye simu. Na wewe, mtaani kwenu nani alikuwa anatafsiri? Kama yu hai, mfuate. Mpelekee na watoto wa kumsikiliza.

Haya, tuonane tena.