Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Likizo ya Familia Katika Mlima Bjelašnica

Shule za Ulaya zinapofungwa katikati ya mwaka, swali moja huzuka katika nyumba za ndugu zetu waishio London, Stockholm au Berlin, na hata za wale walioko Muscat na Dubai wanaolikimbia joto la Ghuba: watoto tuwapeleke wapi? Jibu lililozoeleka ni fukwe za Hispania au milima ya Alps ya Uswisi na Austria. Fukwe zina mitihani yake kwa familia inayochunga stara. Alps nazo, pamoja na uzuri wake wote, ni ghali kwa baba mwenye watoto wanne au watano, na katika vijiji vyake vingi chakula cha halali hutafutwa kwa tochi.

Makala hii yapendekeza mlima ambao wengi wetu hatujausikia. Jina lake ni Bjelašnica, hutamkwa “Byelashnitsa”, nao uko Bosnia, kusini-magharibi mwa mji wa Sarajevo. Kilele chake kina urefu wa mita 2,067, na kutoka mjini hadi hoteli zilizo chini yake ni mwendo usiozidi saa moja kwa gari. Mwezi Februari 1984, Sarajevo ilipoandaa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, mashindano ya wanaume ya kuteremka kwa kasi juu ya theluji yalifanyika hapa. Theluji ikisha kuyeyuka, mteremko ule ule hugeuka malisho ya kijani, maua ya kila rangi na njia za miguu zinazopita kati ya misonobari. Hewa yake ni baridi na safi, na maji ya chemchemi hunywewa kwa kiganja cha mkono.

Lakini uzuri wa mandhari si hoja pekee ya kumtoa mtu nyumbani na watoto wake, kwani milima mizuri imetapakaa Ulaya nzima. Kinachoipa Bjelašnica daraja yake ni kwamba mnara wa msikiti ni sehemu ya mandhari hiyo. Uislamu ulienea Bosnia baada ya Waothmani kuiteka nchi hiyo mwaka 1463, na Waislamu wa huko, Wabosnia, ni Waslavi kwa lugha na kwa asili, si wahamiaji. Mtoto wetu aliyezaliwa Ulaya, anayeulizwa shuleni kila siku kwamba yeye hasa ametoka wapi, ana faida kubwa ya kumwona mzee wa Kizungu mwenye macho ya buluu akitia udhu kwenye bomba la msikiti wa kijijini, kisha akimwaga mgeni kwa neno “Allahimanet”, ambalo kwa maana ni sawa na “fi amanillah” yetu. Hapo mtoto hufahamu bila kuhutubiwa kwamba dini yake si mgeni katika bara hilo.

Vijiji viwili vyafaa kutembelewa. Cha kwanza ni Umoljani, chenye msikiti wake na nyumba zilizojipanga ubavuni mwa bonde. Karibu nacho, mahali paitwapo Dolovi, yapo makaburi ya kale ya mawe makubwa yaitwayo stećci, ambayo ni miongoni mwa yale yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2016. Wenyeji wana hekaya inayowafurahisha sana watoto. Wanasimulia kwamba joka kubwa liliteremka mlimani kutaka kukiangamiza kijiji. Watu wakaomba dua, na joka likageuka jiwe. Mpaka leo huonyesha mstari wa mwamba mlimani wakisema ndilo joka lenyewe, na kijito kinachojipinda malishoni wakisema ndiyo njia lililopitia. Hata jina la kijiji wanalinasibisha na neno la lugha yao lenye maana ya kuomba.

Kijiji cha pili ni Lukomir, kilichoko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa korongo refu la mto Rakitnica. Kutoka Umoljani ni mwendo wa saa mbili au tatu kwa miguu, na ipo pia barabara ya changarawe. Nyumba zake ni za mawe, zenye mapaa makali ya mbao, ingawa nyingi sasa zimeezekwa kwa bati. Kondoo ndio mali yao, na akina bibi huketi barazani wakifuma soksi za sufu za kuwauzia wageni. Theluji ikianza, njia hufungwa na wenyeji huteremka kwa jamaa zao mjini. Wengi wa wanaorejea ni wazee, kwani vijana wao wameshajenga maisha Sarajevo na nchi za mbali. Hapo ndipo methali yetu, mgeni njoo mwenyeji apone, inapopata maana yake halisi: familia inayolala kijijini usiku mmoja, ikala chakula cha wenyeji na kununua soksi jozi tatu, inampa kijana mmoja sababu ya kufikiri kwamba kubaki kwao kunalipa. Wageni wengi wa Kiislamu huishia Sarajevo na kitongoji chake cha Ilidža, wasipande hadi kwa ndugu hawa.

Kuhusu chakula, mtu wa pwani hatajiona ugenini. Uštipci ni maandazi kwa sura na kwa namna ya kukaangwa, ila huliwa kwa malai mazito yaitwayo kajmak na jibini ya kondoo. Pita ni unga uliotandazwa mwembamba kama wa sambusa, ukajazwa nyama, jibini, mchicha au viazi, kisha ukaokwa. Kahawa huchemshwa katika chombo kidogo cha shaba, ikanywewa taratibu kwa mazungumzo, kama ilivyo kwetu Lamu na Unguja. Hata hivyo yafaa kuuliza, hasa hotelini, kwani Bosnia ni nchi ya dini mbalimbali, na pombe huuzwa huko kama inavyouzwa katika miji yetu. Fedha yao huitwa marka, na marka 2 ni karibu yuro 1. Chukua fedha taslimu unapokwenda vijijini, na masweta pia, kwa kuwa usiku wa Julai mlimani ni wa baridi na mvua ya radi huja ghafla alasiri.

Katika ibada yapo mambo matatu ya kujiandaa nayo. La kwanza ni nyakati. Sisi tuliozoea Magharibi kuingia karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, tutaikuta huko mwezi Juni inaingia saa mbili na nusu usiku, Isha baada ya saa nne, na Alfajiri karibu saa tisa ya usiku. Kwa hiyo watoto walale mchana kidogo, la sivyo swala mbili zitakuwa mzigo kwao. La pili ni hukumu ya safari. Katika madhehebu ya Shafii, anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukamilisha swala zake. Katika madhehebu ya Hanafi, ambayo ndiyo ya Wabosnia, kipimo ni siku kumi na tano. Mwenye familia amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka, asingoje kubishana na mkewe hotelini. La tatu ni la adabu: mtoto wa Mombasa au Tanga aliyezoea kuitikia “Amin” kwa sauti baada ya Fatiha atajikuta peke yake, kwani Mahanafi huitikia kimya, na katika Alfajiri hatasikia kunuti. Hiyo ni nafasi njema ya kumfundisha kwamba umma huu ni mmoja na milango yake ya fiqhi ni mingi.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Methali yasema mwenye kovu usidhani kapoa. Kati ya mwaka 1992 na 1995 nchi hii ilipita katika vita, Sarajevo ikazingirwa, na mlima Igman, jirani wa Bjelašnica, ukawa njia ya kupitishia chakula na dawa kuelekea mjini. Vijiji vya nyanda hizi vilichomwa moto. Nyumba nyingi utakazoziona zimejengwa upya. Mwezi Julai 1995, huko Srebrenica, mashariki mwa nchi, Waislamu zaidi ya elfu nane, wanaume na wavulana, waliuawa, na kila Julai 11 Wabosnia hukusanyika kuwaombea. Mgeni atakayekuwapo siku hiyo aizime furaha yake kwa heshima ya wenyeji.

Vita hivyo viliacha pia mabomu yaliyotegwa ardhini, ambayo hayajaondolewa yote. Wazazi, hili lisichukuliwe kwa wepesi. Hoteli, vijiji vyenyewe na njia zilizowekwa alama hupitwa na watu kila siku. Hatari imo katika kuacha njia na kuingia msituni au kwenye magofu. Njia ya wapanda mlima huonyeshwa kwa duara jekundu lenye kitovu cheupe, lililopakwa juu ya mawe na miti. Kibao chekundu chenye fuvu la kichwa na neno “mine” maana yake ni mauti. Waonyeshe watoto alama zote mbili kabla ya kushuka garini, uwaambie kwamba mpira ukibingirika nje ya njia haufuatwi, na ukodi mwongozaji mwenyeji kwa matembezi ya mbali. Ujira wake ni mdogo kuliko majuto, nao pia ni riziki ya kijiji.

Mlima wenye historia ya namna hii huwapa watoto kitu ambacho ufuko wa bahari hauwezi kuwapa. Watacheza, watakimbizana na kondoo, watakula maandazi yao kwa malai, na jioni wataswali safu moja na watu ambao misikiti yao mingi ilibomolewa, nao wakaijenga upya. Bosnia haimo katika eneo la Schengen, hivyo masharti ya viza yaulizwe mapema ubalozini kulingana na pasipoti ya kila mmoja. Mwenyezi Mungu awajaalie wenye nia safari ya heri, na awape ndugu zetu wa Lukomir na Umoljani sababu ya kurejea milimani kila theluji inapoyeyuka. Amin.