Wa mwisho kupata habari

Sisi huku hatujambo. Ila ukiniuliza "sisi" ni akina nani na "huku" ni wapi, hapo ndipo maelezo yanapokuwa marefu.

Mimi nimezaliwa Nyamiaga, wilayani Ngara, mkoa wa Kagera. Ni kule kwenye vilima na migomba, jirani na Ngara mjini, Rwanda iko upande mmoja na Burundi upande mwingine. Tangu nipo kidato cha tatu nilikuwa na ndoto moja tu: kuondoka. Nikaondoka. Nikasoma uandishi wa habari pale SAUT, Mwanza, nikabaki hapohapo Mwanza, na sasa naandikia gazeti moja la kila siku.

Mke wangu kazaliwa Tanga, kakulia Tanga, na siku tulipokutana chuoni alikuwa hajui kama Ngara iko Kagera au Kigoma. Tukaoana mwaka 2022. Mwaka 2023 ajira za walimu zikatoka, jina lake likawemo, tukafungua orodha kwa furaha kuangalia kapangiwa wapi. Mmeshabashiri. Wilaya ya Ngara! Shule yenyewe ni mwendo wa miguu kutoka kwa mama yangu.

Basi ndivyo tunavyoishi. Mimi mtoto wa Nyamiaga nakaa Mwanza kwenye chumba kimoja na jiko la gesi. Yeye mtoto wa Tanga anakaa Nyamiaga na mama yangu, anafundisha hesabu, jioni anachambua maharage na kujifunza Kihangaza. Ananisahihisha hata mimi siku hizi, kwamba maneno fulani nayasema kama mtu wa mjini.

Ndoa yetu ni ya simu. Saa tatu usiku, yeye akishasahihisha madaftari na mimi nikishatuma stori zangu, tunaanza. Mama kasemaje, ng'ombe wa jirani kaingia shambani, mwanafunzi gani kapata mia kwa mia. Mara moja kwa mwezi nakwenda. Nikienda nabeba nazi. Ndiyo, nazi! Mama alipoonja maharage ya nazi kwa mara ya kwanza aliuliza kama yametiwa maziwa. Sasa hivi yeye mwenyewe ndiye anayenipigia: "Nazi zimeisha." Kwa hiyo ukimwona kijana pale stendi ya Nyegezi ana begi la kompyuta na kiroba cha nazi, msalimie, ni mimi.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Mwezi wa pili mama alinipigia asubuhi. Kamaliza yake ya nazi na sabuni, kisha akasema, "Na umletee mwenzio udongo wa hapo sokoni, huu wa huku haupendi."

"Udongo wa nini, mama?"

Kimya. Nikasikia jogoo anawika.

"Wa kupandia maua," akasema mama, akakata simu.

Nyumbani kwetu hakuna ua hata moja. Na Mtanzania yeyote anajua mwanamke anayeagiza udongo wa kula sokoni ana habari gani tumboni. Mimi mwandishi wa habari, ninayelipwa kwa kujua mambo kabla ya wengine, nikawa nimepata habari ya nyumba yangu mwenyewe kwa bahati mbaya, kupitia kiroba cha udongo.

Nilitaka kukasirika. Nikakumbuka nikashindwa.

Hii inanipasa niieleze, ingawa naona aibu. Mwaka jana mke wangu alikuwa na ujauzito wa kwanza. Aliniambia wiki ileile aliyojua. Nilifurahi kupita kiasi, nikawaambia wenzangu chumba cha habari, nikamwambia mwenye nyumba, nikamwambia hadi kondakta. Tarehe 19 Juni 2025 nilikuwa Kigongo. Ndiyo siku Rais Samia alipofungua lile daraja la Kigongo hadi Busisi, kama kilomita 3 hivi juu ya maji ya Ziwa Victoria. Kwa sisi watu wa upande ule lilikuwa jambo kubwa. Nimekaa kwenye foleni ya kivuko pale nikiwa mwanafunzi mpaka nikamaliza kitabu kizima. Kwa gari ukipita darajani ni dakika chache tu umeshavuka.

Simu niliizima sauti. Mchana nikaitazama nikakuta amepiga mara nne. Niliziona, wasomaji wangu. Sitasema sikuziona. Nikajiambia nitampigia nikishatuma stori, maana wahariri walikuwa wanasubiri na picha zilikuwa hazijapanda. Nilituma saa kumi na mbili jioni. Nikapiga. Simu yake ikapokelewa na mama.

Kesho yake alfajiri nilivuka daraja lile kwa basi kwenda Ngara. Gazeti lilikuwa mapajani kwa abiria wa mbele, stori yangu iko humo, nimeandika kwamba daraja limewaleta wananchi wa pande mbili karibu. Sikuomba kulisoma. Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, Biharamulo, Lusahunga, Benaco. Nilifika jioni. Wauguzi wa hospitali ya wilaya, ambayo iko hapohapo Nyamiaga, walishamhudumia na kumruhusu arudi nyumbani. Alikuwa amelala upande, kageukia ukutani, na mama kakaa kwenye kigoda anamsugua miguu.

"Ulikuwa kazini," aliniambia. Hakulaumu. Angenitukana ningejua pa kuanzia kuomba msamaha.

Kwa hiyo mwezi wa pili, baada ya simu ya udongo, nilipanda basi Jumamosi bila kumwambia. Nikamkuta jikoni. Nikaweka udongo mezani. Akautazama, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Miezi mingapi?"

"Minne sasa."

"Mama alijua lini?"

"Sikumwambia. Aliniona nimesusa chai asubuhi, akanyamaza, mchana akanipikia uji."

"Na mimi?"

Alichukua muda. Akasema, "Safari ile nilikwambia mapema, ukawaambia watu. Halafu watu wakaanza kunipigia pole, mmoja mmoja, hata nisiowajua. Safari hii nilitaka nisubiri mpaka kishike." Akavunja kipande cha udongo. "Na simu nayo. Nilikuwa sijui kama utapokea."

Hiyo ya mwisho aliisema taratibu kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya.

Usiku ule alinisimulia jambo jingine. Mwaka juzi niliandika makala ya kumbukumbu ya wakimbizi wa Rwanda. Niliandika kwamba tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, na kwamba kambi ya Benaco, hapo kwetu Ngara, iligeuka kuwa mji. Niliandika takwimu zote. Mhariri alisifu. Basi mke wangu akaniuliza, "Unajua mama alikuwa wapi siku hizo?"

Sikujua.

Mama alikuwa na mimba ya dada yangu mkubwa. Baba alipata kibarua Benaco cha kupakua magunia ya mahindi ya msaada, analala hukohuko, maana pesa kama ile haikuwahi kuonekana wilayani kwetu. Uchungu ulipomshika mama, baba hakuwepo. Jirani ndiye aliyempokea mtoto. Baba alirudi siku ya tano na kitenge kipya na blanketi.

"Mama alisema nini?" nikauliza.

"Alisema baba yenu naye alikuwa kazini. Na kwamba kitenge kilikuwa kizuri, lakini hakukivaa mpaka mtoto alipoanza kutembea."

Miaka mitatu nimekaa darasani nafundishwa kuuliza maswali. Nimewauliza mawaziri, wavuvi, wakuu wa wilaya. Mama yangu mzazi sikuwahi kumuuliza hata moja, amekuja kumuuliza binti wa Tanga wakati wanachambua maharage.

Haya, sasa mipango ya safari, maana ndiyo inayotunyima usingizi.

Pwani mnajua desturi, uzazi wa kwanza binti hurudi kwao. Mama mkwe wangu alishaandaa chumba, kanunua mpaka beseni. Lakini kutoka Ngara hadi Tanga ni siku mbili za basi, na kwa yaliyotokea mwaka jana daktari akashauri asisafiri mbali. Mama mkwe akanuna wiki nzima. Mama yangu akasema hayumo, kisha kila siku akawa anatupia neno: kwamba hospitali iko karibu, kwamba hewa ya Nyamiaga ni nzuri, kwamba yeye kazaa watano hapahapa. Kwenye simu wazee wale wanaitana "mwenzangu" kwa sauti tamu kabisa, ila sisi tulio katikati tunajua kuna vita.

Mke wangu ndiye aliyemaliza mgogoro. Alimwambia mama yake, "Kama siwezi kuja kwako, wewe njoo kwangu." Alisema "kwangu". Nilikuwa nimekaa pembeni, nikalisikia lile neno. Nyumba niliyoikimbia nina miaka 18, yeye anaiita kwake.

Basi mwishoni mwa mwezi wa sita mama mkwe anakuja Nyamiaga. Hajawahi kupita Dodoma. Amesema sharti lake ni moja, apande treni ya umeme, maana wenzake wote wa kikundi wameshapanda yeye bado. Atatoka Tanga kwa basi hadi Dar, kutoka Dar atapanda SGR hadi Dodoma, alale kwa shemeji yangu. Mimi nitamfuata hapo. Kisha tutapanda basi alfajiri: Singida, Nzega, tulale Kahama, kesho yake Nyakanazi, Lusahunga, Benaco, nyumbani.

Sasa tatizo mnaliona? Siku mbili, viti viwili viwili, mimi na mama mkwe! Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Tangu nioe sijawahi kuzungumza naye zaidi ya shikamoo na hali ya mvua. Mke wangu anasema nimkatie tiketi ya dirishani, nisile mahindi ya kuchoma mbele yake, na akisinzia nisimwamshe kumwonyesha mandhari. Nimeandika yote kwenye daftari la kazi.

Na kuhusu kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3. Tatu! Na hizo ni za mwajiriwa. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa stori, usipoandika huli. Nilimfuata mhariri nikamwambia nataka miezi mitatu Ngara, nitakuwa natuma stori kutoka huko.

Akavua miwani. "Ngara kuna stori gani?"

Mwaka juzi ningekubaliana naye. Safari hii nilimhesabia. Kuna umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu. Kuna nikeli ya Kabanga, ambayo nimeisikia ikizungumzwa tangu niko shule ya msingi. Kuna malori yanayopita mpakani usiku na mchana. Kuna kahawa. Kuna wanawake wa rika la mama ambao walikuwepo mwaka 1994 na hakuna aliyewahi kukaa nao jikoni. Akanisikiliza. Akasema sawa, ila hakuna posho wala nauli, na nafasi yangu hapa mjini hawezi kuniahidi kwamba nitaikuta.

Niliwaza njia nzima mpaka chumbani. Kodi, nepi, nauli ya mama mkwe, na huko kwetu mtandao wenyewe unabagua miti ya kusimama. Sina uhakika kama nafanya la busara. Kuna wenzangu wameniambia wazi kwamba najizika, kwamba wanawake wanazaa kila siku na wanaume wako kazini. Ni kweli. Baba yangu alikuwa kazini, na ile kazi ndiyo iliyotulisha. Simhukumu. Ila sitaki mtoto huyu aje kusimuliwa na mkwe wake nilikuwa wapi.

Saa tatu usiku nikapiga. Ilipoita mara moja tu akapokea.

"Mhariri kasemaje?"

"Nakuja."

Akanyamaza kidogo. Kisha nikamsikia anamwita mama, anamwambia kwa Kihangaza, haraka haraka, sikushika yote. Mama akajibu kitu, wakacheka wote wawili.

"Kasema nini?" nikauliza.

"Kasema usisahau nazi."