Mpingo hauimbi, jamani

Wadau, kuna sifa moja tunapenda kujipa sisi Wabongo: eti klarineti za Ulaya zinalia vizuri kwa sababu ya mpingo wetu. Nimeisikia redioni, nimeisikia vijiweni. Mimi naipinga.

Kinacholia ndani ya klarineti ni hewa. Ulimi wa tete pale mdomoni unatetemeka, na hewa iliyomo ndani ya bomba inatetemeka nao. Mwaka 1964 mwanafizikia wa Marekani, John Backus, alichapisha utafiti kuhusu jambo hili, akaona mtikisiko wa ubao wenyewe ni mdogo mno kubadili sauti.

Kazi kubwa inafanywa na umbo la tundu la ndani. Lina upana wa karibu milimita 15 na limenyooka sehemu kubwa, tofauti na zumari la pwani linalopanuka kuelekea chini. Ndiyo maana klarineti ina ule mlio mzito, kama umefunikwa blanketi, kwenye sauti za chini. Ndiyo maana pia mpigaji akiipandisha inarukia noti ya 12, wakati zumari hurukia ya 8. Fundi akipotea sehemu ndogo tu ya milimita, au akiacha kingo za matundu ya vidole zikiwa kali mno, noti moja itakwaruza na nyingine itashuka.

Sasa mpingo wa nini? Wa kutunza vipimo! Ni mzito hadi unazama majini, una mafuta yake, ukitobolewa unabaki na ukingo safi, na pumzi yenye unyevu haiupindi kirahisi (kupasuka hupasuka, tusidanganyane).

Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu wanautegemea mti huu. Vijiji vya Kilwa vilianza kuvuna mpingo kwa cheti cha FSC mwaka 2009, na mti wenyewe huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa. Buffet Crampon ya Ufaransa tayari inatengeneza klarineti za unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni. Kesho unga huo ukiwa wa kitu kingine kinachotunza vipimo vilevile, hadithi ya "sauti ya Afrika" haitauza hata gogo moja. Fedha nono iko kwenye kutoboa, na kutoboa kunafanyika kwao.

Kuna mdau anayemjua fundi wa hapa nyumbani anayetoboa mpingo kwa vipimo hivyo? Namtafuta nimhoji.